Pafini wa Maine, mdiria wa Kivu au kizamiadagaa: asubuhi yako umpe ndege yupi?

Mpwa wangu anaishi Portland, jimbo la Maine, huko Marekani. Mwezi uliopita alinitumia video fupi ya ndege mnene, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, amesimama juu ya jiwe. Mdomo wake una rangi kali ya chungwa, na samaki wadogo wananing'inia pande zote mbili kama masharubu. Chini ameandika: "Mjomba, jambo sana. Huyu wanamwita pafini. Mwezi wa saba tunakuja Bukavu na watoto. Kwetu kuna ndege wa kufanana naye? Na je, tulipe boti ya kwenda kumwona huku, au tuweke hizo hela tuje tuone wa nyumbani?"

Namjibu hapa kwa urefu kutoka Bukavu, mji wetu wa Kongo kando ya ziwa Kivu, maana si yeye peke yake. Familia nyingi za Kivu zina ndugu Maine, Norway, Canada, na kila kiangazi wanarudi na watoto ambao ziwa letu wanalijua kwa picha tu. Siku za kukaa ni chache, ndugu wa kusalimia ni wengi, na ukipata asubuhi moja ya bure unataka kuitumia vizuri.

Jibu fupi kwanza. Pafini mwoneni huko huko, mwezi wa sita, kabla ya safari. Mkifika Bukavu, asubuhi ya kwanza mpeni mdiria. Mkipata ya pili, iwe ya kizamiadagaa. Msibadilishe mpangilio huo, nitaeleza kwa nini.

Tuelewane majina kidogo. Hapa mjini ndege yeyote anayejitupa majini kutafuta samaki tunamwita kwa Kifaransa, martin-pêcheur, na tunaishia hapo. Lakini kwenye ufuo wetu wako wawili wasiofanana kabisa. Mmoja ni mweusi na mweupe, kishungi kimemtimka kichwani, mdomo mrefu mweusi. Huyo ndiye nitakayemwita mdiria, ingawa vitabu vingine vinamwita detepwani. Wa pili anatosha kwenye kiganja: bluu ya kung'aa mgongoni, rangi ya chungwa tumboni, mdomo mwekundu. Huyo ni kizamiadagaa. Jina linamfaa, na sisi wa Kivu, ambao dagaa wetu tunawaita sambaza, tungeweza kusema kizamiasambaza.

Pafini hakungoji

Pafini ni ndege wa Atlantiki ya kaskazini. Jambo la kwanza la kujua juu yake, kama unapanga safari, ni kwamba nchi kavu si kwao. Sehemu kubwa ya mwaka yuko katikati ya bahari, anaelea na kuzamia mahali ambapo boti ya watalii haifiki. Anakuja visiwani kuzaa tu. Maine huanza kuonekana Aprili, na Agosti ikifika katikati wengi wameshaondoka. Hata ule mdomo uliompendeza mpwa wangu ni vazi la msimu: baada ya kuzaa, magamba ya nje ya mdomo hubanduka, unabaki mdogo na wa rangi iliyofifia mpaka mwaka unaofuata.

Kwa hiyo swali la hela linajijibu kwa kalenda. Mdiria yuko Kivu Januari, yuko Julai, yuko Desemba. Pafini ukimkosa miezi hiyo ya kuzaa, umemkosa mwaka mzima. Mtu aliyeko Portland, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka bandari ndogo ya New Harbor, asimwache huyo kwa sababu ya mdiria.

Halafu kuna historia ya kisiwa chenyewe. Boti za New Harbor zinazunguka kisiwa kinachoitwa Eastern Egg Rock. Karne ya 19 watu waliwawinda pafini wa hapo mpaka wakaisha. Mwaka 1973 mtaalamu wa ndege, Stephen Kress, alianza kuleta vifaranga kutoka Newfoundland, Canada. Miaka iliyofuata waliletwa zaidi ya 900, wakawekwa kwenye mashimo yaliyochimbwa kwa mikono ya watu na kulishwa samaki. Wakakua, wakaenda baharini. Pafini huchukua miaka mitano hivi kabla ya kuanza kuzaa, kwa hiyo ilikuwa kazi ya kungoja bila kujua. Kress alisimamisha sanamu za mbao za pafini juu ya miamba ili anayepita angani aone wenzake na kushawishika kutua. Mwaka 1981 ndipo jozi za kwanza zilipozaa tena. Miaka minane! Mimi nikiwaza habari hiyo huwa naona kwamba mtoto wa Kikongo aliyekulia Maine anastahili kusimama kwenye boti ile na kusimuliwa jambo hilo akiwa na kisiwa mbele ya macho yake.

Ushauri wangu kwa siku hiyo: vaeni makoti hata kama Portland kuna joto, bahari ile ni baridi. Mtoto anayetapika kwenye boti ya kwenda Goma atatapika na huko, mpeni biskuti kavu na mkae nyuma. Tazameni maji kabla ya kutazama miamba, kwa maana pafini wengi wanakuwa wanaelea kwa makundi, na kwa mbali wanaonekana wadogo kuliko mtu anavyotarajia. Wageni hawateremki Eastern Egg Rock. Yule anayetaka kumwona kwa karibu kabisa aende Machias Seal Island, mbali zaidi kuelekea mpaka wa Canada, ambako watu wachache kwa siku huruhusiwa kuteremka na kukaa ndani ya vibanda vidogo vya mbao huku pafini wakitembea nje. Mahali popote pafini anapozalia, usiache njia uliyoonyeshwa: ardhi inaweza kuwa tupu chini, imejaa mashimo yao, na mguu mmoja unaweza kuangusha dari juu ya yai. Pafini hutaga yai moja tu kwa mwaka. Moja.

Hapo ndipo anapokutana na ndege wetu. Wote watatu wanachimba. Pafini anachimba kwenye udongo wa majani juu ya mwamba, kwa mdomo na kwa kucha. Mdiria na kizamiadagaa wanachimba kwenye ukingo uliosimama wima. Wote wanalea gizani na kulisha kwa samaki. Na kwa urefu pafini na mdiria hawapishani sana, sentimita 25 na kitu kutoka ncha ya mdomo hadi mkia. Lakini ukiwaweka kwenye mizani, pafini anakaribia nusu kilo na mdiria ni gramu 80 au 90. Kwa nini? Kwa sababu pafini kwa kweli anaruka ndani ya maji. Mabawa yake mafupi ni makasia, anaweza kushuka hadi mita 60. Hewani mabawa hayo hayo yanamchosha, inabidi ayapige hadi mara 400 kwa dakika. Mdiria hana haja ya uzito huo. Yeye anaanguka, anachota, anatoka.

Mdiria anafanya kazi mbele ya watu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chini ya Muhumba, mtaa wa Bukavu ulio kando ya ziwa. Wavuvi wamerudi, ile mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja imeegeshwa, na miti mirefu ya kushushia wavu imebaki imechomoza juu ya maji, mbele na nyuma. Mama wawili wanachagua sambaza kwenye beseni. Kwenye ncha ya mti mmoja kuna mdiria. Anatikisa mkia, anapiga kelele kali za mfululizo, halafu anaondoka. Mita saba au nane juu ya maji anasimama hewani. Anasimama kabisa! Mabawa yanapiga hadi huyaoni vizuri, mwili umejikunja, lakini kichwa hakisogei hata kidogo, na mdomo umeelekea chini kama timazi ya mwashi. Sekunde tano, sita. Anashuka nusu ya njia, anasimama tena kupima. Kisha anajiachia. Unasikia "chubwi!", anatoka na samaki anayeng'aa.

Kati ya ndege wote wanaoweza kusimama hewani kwa nguvu za mabawa yao wenyewe bila kusaidiwa na upepo, huyu ndiye mkubwa kupita wote. Huyo anayepita juu ya beseni la sambaza pale Muhumba! Watu wanasafiri na kulipa kuona mambo madogo kuliko hilo.

Sasa mtazame kifua. Dume ana mikanda miwili myeusi, wa juu mpana na wa chini mwembamba. Jike ana mmoja tu, nao umekatika katikati. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuhesabu hivyo, na akishajua hilo hatazami tena "ndege", anatazama baba na mama. Kwa pafini hilo halipo. Dume na jike wamevaa sawa, na kizamiadagaa vilevile. Kwangu hii ni moja ya sababu kubwa za kumtanguliza mdiria: ndiye pekee kati ya hawa watatu ambaye unaweza kumsoma familia yake kwa macho matupu.

Na familia yake ina mambo. Mtafiti mmoja, Heinz-Ulrich Reyer, aliwachunguza wadiria hawa Kenya, kwenye ziwa Victoria na ziwa Naivasha. Aligundua kwamba kwenye shimo moja mara nyingi hawalishi wawili tu. Kuna wasaidizi, wote madume. Wa aina ya kwanza ni watoto wakubwa wa nyumba hiyo, waliozaliwa msimu uliopita, wanaobaki kulisha wadogo zao na kufukuza adui kwa bidii karibu sawa na wazazi. Wa aina ya pili si ndugu kabisa. Ni madume waliokosa mke. Wanakuja na samaki mdomoni, mwenye nyumba anawafukuza, wanarudi tena na samaki. Kule Naivasha, ambako samaki hupatikana kwa urahisi, wazazi waliwafukuza hao wageni. Kule Victoria, ambako kuvua kulikuwa kugumu zaidi, waliwapokea, kwa sababu bila mikono ya ziada vifaranga wangekufa njaa. Na yule mgeni naye ana hesabu yake: mwaka unaofuata mara nyingi anampata jike yule yule aliyemsaidia.

Nani Bukavu asiyeijua nyumba kama hiyo? Kijana wa watu anayekuja kusaidia kubeba maji, kupasua kuni, mpaka siku moja anatuma wazee.

Kwa hiyo ukiona ukingo wenye matundu ya duara, kaa mbali, mita 30 au zaidi, hesabu ni ndege wangapi wanaingia tundu moja. Ukihesabu madume wawili na jike mmoja, umeona kitu ambacho pafini hawezi kukuonyesha. Pafini ni baba na mama tu, wanapokezana juu ya yai siku 40 hivi, wanalisha mtoto mmoja, na usiku mmoja kijana huyo anatoka peke yake kuelekea baharini bila kuagwa na mtu.

Tundu la mdiria linaenda ndani mita moja, wakati mwingine mbili, likipanda kidogo ili mvua isiingie. Ndani kuna mayai manne au matano juu ya miiba ya samaki. Hutaona hayo na usijaribu kuyaona.

Upepo ukoje? Swali hilo jiulize kabla ya kutoka. Ziwa likiwa kioo, mdiria anapenda kuvua akiwa amekaa mtini au kwenye kamba. Upepo ukianza kukunja maji, ndipo anaposimama hewani zaidi, akiuelekea upepo. Kwa hiyo asubuhi ya utulivu kabisa inaweza kukunyima onyesho lenyewe, na hapo ni vizuri usikimbilie nyumbani. Kwetu kiangazi upepo huanza kuamka jua likipanda. Saa mbili na nusu, saa tatu, ndipo wanapoanza kweli.

Anakula nini? Samaki wadogo wa ufuoni, na sambaza wachanga, ambao hukaa karibu na nchi kavu kabla ya kwenda kilindini. Sambaza nao ni wageni Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Babu zetu wa ufuo huu waliwaona wadiria wakiishi bila sambaza. Mimi nimemwona mmoja amempata wa kumtosha mdomo mzima, akakaa juu ya mti wa mtumbwi akimpigapiga kushoto na kulia, tap, tap, tap, mpaka samaki akalegea, ndipo akammeza kichwa kwanza. Magamba yalibaki yamenata kwenye mti, yanang'aa kama vipande vya kioo.

Kizamiadagaa anataka mtu mtulivu

Huyu sitamsifu kwa kelele, kwa sababu yeye mwenyewe hana kelele. Urefu sentimita 13, uzito chini ya gramu 20. Anakaa kwenye tete au funjo, nusu mita tu juu ya maji, na ukipita kwa miguu mizito unachoona ni mstari wa bluu ukikata juu ya maji, basi. Wengi wameishi Bukavu maisha yao yote wakiuona huo mstari na hawajawahi kumwona ndege.

Njia ya kumwona ni kukaa. Chagua ghuba ndogo yenye matete na maji yaliyotulia. Tazama matete yaliyoinama, si yaliyosimama. Ukiona bua moja lina alama nyeupe za kinyesi, hapo ndipo kiti chake. Ana viti vichache anavyovipenda na huvirudia. Kaa mita kumi na tano hivi, jua likiwa mgongoni mwako, usivae nguo ya kung'aa, na ngoja nusu saa. Ukiongea na jirani, ongea chini.

Atakapokuja utajua umengojea nini. Kile kishungi kina mistari ya bluu ya maji na nyeusi, na akishtuka kinasimama. Kabla ya kuzamia anainamisha kichwa juu na chini mara mbili tatu, kama fundi anayepima kwa jicho moja. Kisha hayupo. Kisha yupo tena, pale pale, bua linatikisika na matone yanadondoka. Hiyo yote ni chini ya sekunde mbili.

Sasa nitakuonyesha kitu kimoja ambacho kimenifurahisha zaidi ya vyote. Siku moja kizamiadagaa alirudi kwenye bua na kisamaki kidogo kama nusu ya kidole changu. Akampigapiga kama kawaida. Nikangoja ammeze. Hakummeza. Alimgeuza mdomoni kidogo kidogo, mpaka kichwa cha samaki kikatazama mbele, nje ya mdomo, na mkia ukabaki ndani. Akakaa hivyo, kimya. Halafu akaondoka moja kwa moja nyuma ya matete. Ndege hawa wakimla samaki wao wenyewe, kichwa kinaingia kwanza, la sivyo mapezi yanakwama kooni. Akimgeuza kichwa kikatazama nje, samaki huyo si wake. Ni wa mwenzake au wa mtoto, na anampanga hivyo ili huyo anayepokea naye ammeze kichwa kwanza. Mdiria anafanya vilevile, ila kwa mdiria mambo yanakwenda mbio na ni mbali. Kwa kizamiadagaa unaona kila hatua.

Pafini yeye anapanga samaki kwa kukingama. Ulimi wake unabana samaki juu, kwenye vimiiba vya kaakaa, na mdomo unabaki huru kukamata wengine, ndiyo maana anaweza kurudi na kumi au zaidi kwa safari moja. Lakini umbo la samaki linamtawala. Mwaka 2012 maji ya ghuba ya Maine yalipata joto kupita kawaida, samaki wembamba waliozoeleka wakapungua, wazazi wakaleta samaki wapana wa aina nyingine ambao vifaranga hawakuweza kuwameza. Vifaranga walikufa njaa na samaki wamelala pembeni yao.

Tahadhari moja kwa wanaoanza: juu ya vilima, kwenye vichaka mbali na maji, kuna ndugu yake mdogo zaidi anayekula wadudu, naye ni bluu na chungwa. Ukimwona pembeni ya kichwa ana rangi ya zambarau na hana kishungi kirefu, si kizamiadagaa. Na kizamiadagaa mchanga ana mdomo mweusi, usimkatae kwa sababu hiyo.

Yuko pia mdiria mkubwa, karibu nusu mita, anayependa mito yenye miti na kupasua kaa. Ni ndege wa ajabu, lakini kwa mgeni wa wiki mbili simpendekezi. Utatumia siku zako kumtafuta.

Ukija na nani, ukiwa na nini

Ukija na watoto, ni mdiria bila mjadala. Anapiga kelele, anaonekana kwa mbali, kila dakika chache kuna kitu kinatokea, na watoto wanaweza kuongea, kula mkate na kuuliza maswali bila kuharibu chochote. Niliwahi kumpeleka mtoto wa rafiki yangu, wa miaka sita, kwa kizamiadagaa. Dakika ya kumi alikuwa anarusha mawe majini. Hakuwa na kosa, mimi ndiye niliyechagua vibaya.

Ukija na mzee asiyeweza kutembea sana, ni mdiria tena, kwa maana unaweza kumwekea kiti juu ya ufuo na ndege akaja mwenyewe. Kwa kizamiadagaa mara nyingi kuna matope.

Ukiwa peke yako, au na mwenzako mnayeweza kunyamaza pamoja, na umechoka na kelele za mji, geuza mpangilio: nenda kwa kizamiadagaa. Hapo ndipo maoni yangu mwenyewe yanapolala. Mimi nikiwa na Jumamosi yangu, nakwenda kwa matete. Lakini hiyo ni baada ya miaka ya kumwangalia mdiria. Mdiria ndiye aliyenifundisha kutazama.

Kuhusu simu: picha ya mdiria akiwa hewani unaweza kuipata kwa video ya polepole, ukimsubiri asimame. Picha ya kizamiadagaa kwa simu ni nukta ya bluu tu, usijitese, tumia macho. Ukiwa na jumeli, yaani darubini ya macho mawili, ya kukuza mara nane inatosha, na hata kuukuu ni sawa mradi vioo havina ukungu.

Sasa jambo la uzito. Jumeli na kamera, kwa mji wetu wa mpakani na kwa nyakati hizi, si vitu vya kuchezea. Pale ziwa linapomwagikia mto Ruzizi ndege ni wengi, lakini ng'ambo ni Rwanda. Pale usitoe jumeli kabisa. Mahali pengine popote, mwone kwanza mkuu wa mtaa au mwenye kiwanja, msalimie, mwambie umekuja kutazama ndege, mpe hata yeye atazame. Ukiona watu wenye silaha, iteremshe polepole, weka mfukoni, endelea kutabasamu na watoto. Msitoke kabla mwanga haujajaa, hata kama vitabu vinasema alfajiri ndiyo bora. Wadiria wapo saa tatu.

Upande wa gharama hakuna kulinganisha: boti ya pafini ni ya kulipia tiketi kwa kila mtu, hapa ni hela ya motari wa pikipiki na zawadi ndogo kwa mvuvi akikubali uketi karibu na mtumbwi wake. Ukinunua sambaza kwa wale mama, umeshalipa kiti.

Ninaomba kitu kimoja kwa yeyote atakayesoma hadi hapa. Ukingo wenye matundu ninaoupenda uko upande wa barabara ya Katana, na sitauandika zaidi ya hapo. Mwaka juzi watoto waliingiza vijiti, wakachimbua matundu mawili, na msimu ule wadiria waliuacha upande wote. Vilevile wachimba mchanga hukata ukingo pale pale ndege walipo, kwa sababu wote wanautafuta udongo ule ule laini. Nilizungumza na kiongozi wa wachimbaji, mzee mmoja mwema sana, akakubali kuanza kuchimba kutoka upande wa pili mpaka vifaranga watoke. Ni wiki sita tu hivi kutoka yai mpaka kuruka. Alisema hakujua kwamba ndani kuna watoto. Wengi hawajui.

Na chupa. Kizamiadagaa nimemwona amekaa juu ya chupa ya plastiki iliyonasa kwenye matete, anavua kutoka hapo, na maji chini yake yamefunikwa na mifuko hata hayaonekani. Ndege anayevua kwa macho anahitaji maji yanayoonekana. Taka hizo hizo ndizo zinazoteremka mpaka kwenye mitambo ya umeme ya Ruzizi na kuiziba. Ukija kutazama, njoo na gunia moja, jaza, ondoka nalo.

Kwa hiyo, mwanangu, mpango wa mwezi wa saba ni huu. Jumamosi ya kwanza mkishapumzika, tunatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, nyanya yenu na kiti chake, chai kwenye thermos, tunashuka Muhumba. Mdogo atahesabu mikanda ya vifuani. Tutabaki mpaka upepo uamke. Jumamosi ya pili waache watoto kwa nyanya yao, wewe na mumeo mje nami kwa matete, na mje na sweta, asubuhi za kiangazi ni za baridi hapa juu.

Na yule mkubwa aje na daftari. Mkienda kwenye boti ya pafini mwezi ujao, mwambie amchore mmoja akiwa na samaki mdomoni, achore kila samaki, aonyeshe vichwa vimeelekea upande gani. Nitakuwa na wangu nimeshawachora.